Kutoka Bergamo hadi Palermo: siku kumi za kusikiliza lahaja za Italia

Safari hii ni ya masikio. Inaanzia chini ya milima ya Alpi na kuishia Palermo, karibu yote kwa treni, na kazi yake ni moja tu: kufuata maneno sita na sentensi moja jinsi yanavyogeuka mji hadi mji. Makumbusho na makanisa yatasubiri.

Tuanze na jina, maana limewapotosha wengi. Waitalia husema "dialetti", nasi tunatafsiri lahaja. Lakini lahaja za Kiswahili zinasikilizana: wa Mombasa atasema "mato", wa Unguja "macho", na mazungumzo yanaendelea. Mtu wa Bergamo na mtu wa Palermo, kila mmoja akishika ya kwao, hawaelewani. Uhusiano wao unakaribia zaidi ule wa Kiswahili na Kigiriama, au Kiswahili na Kingazija: ndugu wa tumbo moja waliokua nyumba tofauti. Tumbo lenyewe ni Kilatini. Kiitalia sanifu si mama wa lugha hizi, ni ndugu yao mmojawapo: usemi wa Firenze wa karne ya 14, wa waandishi Dante, Petrarca na Boccaccio, ambao msomi Pietro Bembo aliupigia debe mwaka 1525 uwe kigezo cha uandishi. Mwanaisimu Tullio De Mauro alikuja kukadiria kwamba nchi ilipoungana mwaka 1861, waliokimudu Kiitalia walikuwa asilimia 2.5 ya watu. Mwenzake Arrigo Castellani alipandisha makadirio hadi kama asilimia 10. Chukua hata hiyo kubwa: tisa kati ya kumi walikuwa wakiishi, wakioana na kuzikana kwa lugha nyingine. Anayesema Kinapoli ni Kiitalia kilichoharibika anaweka mkokoteni mbele ya punda.

Kabla ya kupanda treni, andaa karatasi yenye safu moja kwa kila mji. Maneno ni "capra" (mbuzi), "fratello" (ndugu wa kiume), "fuoco" (moto), "piove" (mvua inanyesha), "notte" (usiku) na "sole" (jua). Sentensi ni "non mangio" (sili). Matatu ya kwanza yana p, t na k katikati, sauti ambazo kaskazini hulegea. "Notte" ina konsonanti iliyokazwa, yaani t inayoshikiliwa muda mrefu kuliko kawaida. "Piove" ilikuwa na pl kwenye Kilatini, na "sole" ilikuwa na o ndefu. Kwa maneno hayo tu utaweza kumweka msemaji kwenye ramani.

Usimwulize mtu "unazungumza lahaja?" Wengi watakataa, kwa sababu shuleni waliambiwa ni usemi wa washamba. Uliza "come si dice da voi?", yaani kwenu mnasemaje, huku ukionyesha picha ya mbuzi. Ukilitamka neno la Kiitalia wewe kwanza, utarudishiwa hilohilo lenye lafudhi kidogo. Uliza watu wawili kila mji, mmoja mwenye zaidi ya miaka 70 na mmoja kijana, kisha omba ruhusa kabla ya kurekodi. Weka simu kama sentimita 20 kutoka mdomoni, si mezani, kwa kuwa meza hubeba kila kikombe kinachogongwa. Masoko yana watu asubuhi. Baada ya saa saba mchana mitaa ya kusini hufunga na kulala.

Siku ya 1: Milano hadi Bergamo

Milano tunapita tu. Miaka ya 1950 na 1960 viwanda vyake vilivuta watu wengi mno kutoka kusini, Kiitalia kikawa lugha ya kukutania, na leo unaweza kukaa mjini wiki nzima usisikie Kimilano. Bergamo, chini ya saa moja kwa treni, bado inasema.

Hata hivyo safu ya kwanza ijazwe kwa Kimilano, kwa kuwa kimeandikwa vizuri tangu enzi za mshairi Carlo Porta: "cavra", "fradell", "foeugh", "nott". P imekuwa v, t imekuwa d, na irabu za mwisho zimedondoka. Maandishi yake yana mitego. "Oeu" ni sauti moja: viringa midomo kama unayetaka kusema o, kisha ndani ya kinywa utamke e. Na "foeugh", ingawa inaandikwa kwa g, mwishoni husikika k. Bergamo wanakata zaidi: "cavallo" (farasi) ni "caàl", bila v, na mkate "pane" ni "pà".

Sikiliza ukanushi. Kimilano husema "mangi no" au "mangi minga", yaani kitenzi kwanza, kukataa baadaye. "Minga" ni ndugu wa "mica" ya Kiitalia, na asili yake ni chembe ya mkate. Sisi husema "sili hata chembe", nao walisema hivyo kwa karne nyingi mpaka "sili" ikasahaulika ikabaki "chembe".

Siku ya 2: Venezia

Unabadilisha treni Brescia, kisha moja kwa moja. Shuka Santa Lucia, ila usifanye kazi kwenye njia ya watalii kati ya kituo na Rialto. Vuka kwenda Castello au Giudecca. Veneto ni kati ya mikoa ambako lahaja bado ni lugha ya nyumbani. Kwa nchi nzima, Istat, taasisi ya takwimu ya Italia, ilipata mwaka 2015 kwamba asilimia 45.9 hutumia zaidi Kiitalia wakiwa na familia, asilimia 32.2 huchanganya, na asilimia 14 hutumia zaidi lahaja.

Safu: "cavra", "fradelo", "fogo", "piove", "note", "sol". P, t na k zimelegea kama Milano, ila irabu nyingi za mwisho zimebaki. L iliyo kati ya irabu karibu haipo: ulimi unaikaribia tu bila kugusa, na "gondola" inasikika karibu na "gondoea". Ukiitamka l kamili watakuelewa, ila watajua umetoka nje. "Ni" husemwa "xe", na x hapo ni z. Hata "ciao" ilitoka hapa: "s-ciavo", mtumwa, yaani "mimi mtumwa wako", kama waja wa zamani walivyojinyenyekeza mbele ya mabwana.

Kitenzi hakiendi bila kiambishi cha mtenda. "Ti ti magni" (wewe unakula), "lu el magna" (yeye anakula). "Ti" ya kwanza ni ya kusisitiza na huachika. Ya pili haiachiki. Ni kama "wewe u-nakula": "wewe" huondoka, "u-" haiondoki. Mzungumzaji wa Kiswahili hulishika hili mapema kuliko Mwitalia wa Roma.

Tahadhari moja inatuhusu. Kivenezia hakikazi konsonanti, nasi vilevile. Ukirudi kwenye Kiitalia, "nonno" (babu) na "nono" (wa tisa) ni maneno mawili, na "anno" (mwaka) bila kukazwa ni sehemu ya mwili isiyotajwa mezani. Dawa ni kushikilia: bana ulimi kwenye n kwa muda wa silabi nzima, ndipo uachie.

Siku ya 3: Bologna

Siku fupi. Emilia, ambako Bologna iko, na jirani yake Romagna hudondosha hata irabu za katikati, na konsonanti hupandana: "ginocchio" (goti) ni "znòc'", "domenica" (Jumapili) ni "dmanndga". Mji wenyewe ni "Bulåggna". Ukanushi huongezwa "brîsa" baada ya kitenzi, nayo pia ni chembe. Usijaribu kuchomeka irabu za kukusaidia kati ya konsonanti. Utatengeneza neno lisilojulikana. Jaza safu, kula, lala mapema.

Siku ya 4: Kuvuka Apennino

Hii ndiyo siku ya kutokosa. Treni ya kasi hukufikisha Firenze kwa chini ya dakika 40, lakini sehemu kubwa ni ndani ya mahandaki, na mpaka mkubwa kuliko yote ya lugha za Italia unaupita gizani. Chukua reli ya zamani, Porrettana, iliyofunguliwa mwaka 1864: Bologna hadi Porretta Terme, unabadilisha treni, kisha Pracchia na kushuka Pistoia. Hakikisha siku moja kabla kama inafanya kazi, maana maporomoko ya ardhi yamewahi kuifunga. Tenga siku nzima.

Wanaisimu huuita mpaka huo mstari wa La Spezia–Rimini. Kwa kweli si mstari mmoja bali ni fungu la mistari inayoenda pamoja juu ya mlima. Upande wa Porretta, p, t na k za kati hulegea, konsonanti hazikazwi, na irabu za mwisho zinaanguka isipokuwa a. Upande wa Pistoia vyote vinarudi: "capra", "fratello", "notte", kila irabu mahali pake. Mlima hauzuii neno kupita, ila hupunguza ndoa, soko na shughuli za kila siku kati ya mabonde, na hapo usemi hutengana. Shuka Pracchia, ambayo tayari iko mkoa wa Toscana, kaa hapo kati ya treni mbili, kisha linganisha rekodi yake na ya Porretta. Kwa treni ni mwendo mfupi tu.

Hapa pia ndipo pa kufungua atlasi ya Karl Jaberg na Jakob Jud, iliyochapishwa kati ya 1928 na 1940 na kupakiwa kwenye intaneti. Ina ramani 1705, kila moja ya neno au sentensi, kwa vijiji zaidi ya 400. Tafuta ramani ya mbuzi, uone v ikisimama mlimani na p ikianza.

Siku ya 5: Firenze, halafu Roma jioni

Wageni hudhani Firenze wanasema Kiitalia cha vitabu. Hapana. Wana "gorgia": k, t na p zikiwa kati ya irabu hupulizwa. K inakuwa h, t inakuwa kama th ya "thelathini", p inakuwa f laini ya midomo miwili.

Jaribio lake ni rahisi. "La casa" (nyumba) husikika "la hasa", kwa sababu k iko kati ya a na a. "In casa" (ndani ya nyumba) ina n mbele, kwa hiyo k inabaki. "A casa" (nyumbani) inasikika "akkasa", kwa kuwa kihusishi "a" hukaza konsonanti inayofuata, na konsonanti iliyokazwa haipulizwi. Anayeiga Kifirenze kwa kutia h kila penye k hugundulika hapohapo kwenye "a casa". Na baba mzazi huitwa "babbo", neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa.

Mji huu ndio makao ya Accademia della Crusca, chama cha wanazuoni wa lugha, iliyoanzishwa 1583 na kutoa kamusi yake 1612. Mwandishi Alessandro Manzoni, mzaliwa wa Milano, alikuja mwaka 1827 kusikiliza usemi wa watu wa hapa, kisha akaiandika upya riwaya yake kwa Kifirenze hicho. Kwetu Kiunguja nacho kilifanywa kigezo cha Kiswahili sanifu na kamati ya lugha ya mwaka 1930. Kukubali kigezo kimoja hakukufanya vingine kuwa makosa, huko wala kwetu.

Roma usiku mmoja unatosha. Andika "quanno" badala ya "quando" (wakati), "magnà" badala ya "mangiare", na "er" kama kibainishi, yaani neno dogo linalotangulia jina. Kiroma cha kale kilikuwa karibu na Kinapoli. Mapapa wa ukoo wa Medici kutoka Firenze, na uporaji wa mji mwaka 1527 ulioufukuzia watu wake, ndivyo vilivyokisogeza kuelekea Toscana.

Siku ya 6 na 7: Napoli

Siku mbili ni chache, lakini zikipangwa zinatosha. Asubuhi zote mbili nenda soko la Pignasecca, karibu na kituo cha Montesanto.

Safu: "crapa", "frate", "'o ffuoco", "chiove", "'a notte", "'o sole". Pl ya Kilatini imekuwa ki: "chiove". Irabu za mwisho zinaandikwa lakini zote hutamkwa sauti moja hafifu isiyo a, wala e, wala o. Legeza taya, usikunje midomo, toa pumzi kidogo tu. Kwetu ni kazi ngumu, kwa kuwa Kiswahili hakina irabu isiyo kamili. Kosa la pili ni kuiacha kabisa na kuandika "nott". Wanaokijua Kinapoli huandika irabu na kuinyong'onyeza kinywani.

Sasa, kama mwisho wa neno umefifia, jinsia inajulikanaje? Imehamia katikati. "Russo" ni nyekundu ya kiume, "rossa" ni ya kike. Mwisho unasikika sawa, u na o ndizo zinazotofautisha. "Mese" ni mwezi, "mise" ni miezi. I na u za mwisho za kale ziliinua irabu iliyozitangulia kabla hazijafifia zenyewe. Kwa hiyo sikiliza tumbo la neno, achana na mkia.

Kibainishi "'o" nacho kinataka sikio. "'O cane" (mbwa) ina k ya kawaida. "'O ppane" (mkate) ina p iliyokazwa, kwa kuwa mkate ni kitu kisichohesabika. "'O fierro" ni chombo cha chuma. "'O ffierro" ni chuma chenyewe. Ni kama ngeli iliyojificha, ya vitu vya kupimwa badala ya kuhesabiwa, jinsi sisi tulivyoweka maji na mafuta pamoja. Kiitalia sanifu hakina.

Mawili mengine yatakufurahisha. Ndugu wa damu hubeba kimilikishi mgongoni: "fràtemo" ni ndugu yangu, "pàtemo" ni babangu, "màmmeta" ni mama yako. Nyumba au kitabu havikubali, kama vile tusivyobana kila jina lakini tunasema "babangu", "mamake", "mkewe". Na mtu anapotendwa huwekewa "a": "aggio visto a Maria", lakini "aggio visto 'o mare" (nimeona bahari). Kwetu "nimemwona Maria" haiwezi kukosa "mw", ila "nimeona bahari" inajitosheleza. Lugha hizi hazina undugu wowote; zote mbili zimeamua mtu asisimame katika sentensi kama kitu.

Siku ya 8: Lecce na Calimera

Treni inapita Caserta na Foggia, inateremka Bari. Huko bado irabu za mwisho zimefifia. Ukivuka mstari wa Taranto na Brindisi zinafunguka ghafla: "focu", "sule". Tumeingia Salento, kisigino cha Italia, yenye irabu tano zilezile za a, e, i, o, u tulizozoea.

Salento hawapendi kitenzi-jina baada ya "nataka". Husema "ogghiu cu mangiu", neno kwa neno "nataka nile". Chanzo kiko vijijini, ambako Kigiriki kiitwacho Kigriko bado kipo: "telo na fao", nataka nile. Mjerumani Gerhard Rohlfs alitumia miaka mingi kuonyesha jinsi Kigiriki hicho kilivyoacha alama kwenye lahaja za jirani. Calimera kuna jiwe la kale lililoletwa kutoka Athens, na juu yake wamewekewa maneno ya Kigriko: "Zeni su en ise ettù sti Kalimera", wewe si mgeni hapa Kalimera. Kigriko kinalindwa na sheria namba 482 ya mwaka 1999, iliyotambua lugha 12 za wachache, ikiwemo Kisardinia na Kifriuli. Kinapoli na Kisicilia hazimo. Ni dosari ya wazi, maana zina wasemaji wengi na maandishi ya karne nyingi.

Siku ya 9: Barabarani

Rudi Napoli, panda treni ya usiku ya Palermo. Calabria inapita gizani: kaskazini yake hushabihiana na Napoli, kusini na Sicilia. Villa San Giovanni mabehewa hukatwa na kuingizwa melini. Kuvuka kwenyewe kama nusu saa, kupakia na kupakua huchukua zaidi. Wafanyakazi hupigiana kelele wakati wa kuunganisha mabehewa, na hapo utasikia Kisicilia cha kwanza.

Siku ya 10: Palermo

Soko la Ballarò, asubuhi. Safu ya mwisho: "crapa", "frati", "focu", "chiovi", "notti", "suli". Kila neno limeishia a, i au u. Nje ya mkazo hazipo nyingine. O ndefu ya Kilatini imepanda ikawa u, e ndefu ikawa i. Dd ya "beddu" (mzuri) hutamkwa kwa kukunja ncha ya ulimi nyuma hadi juu ya kaakaa. Ukiigusisha meno umekosea.

Waislamu walianza kuiteka Sicilia mwaka 827, na Wanormani waliuchukua Palermo mwaka 1072. Katikati Kiarabu kilikaa, na kilichoacha tunakifahamu. "Mischinu" ni maskini, kwa sauti ileile ya huruma. "Zibbibbu" ni zabibu, na hadi leo ni jina la zabibu za kisiwa cha Pantelleria. "Tabbutu" ni jeneza, tabuti. "Sciarra", ugomvi, huhusishwa na shari. Muuzaji wa ufuta ataita "giuggiulena", hilo sisi hatukulichukua.

Usishtuke ukiulizwa "chi manciasti?" (ulikula nini?) kwa chakula ulichomaliza sasa hivi. Kaskazini wakati huo wa kitenzi ni wa hadithi na historia. Hapa ni wa dakika iliyopita. Wakati ujao nao hauna umbo lake. Ukiulizwa safari yako, jibu kwa wakati uliopo na uiachie "kesho" kazi iliyobaki: "dumani partu", kesho naondoka.